The Hate U Give: banaiuzisha sawa filme ya polisi, lakini ni filme ya masomo

Nianze na hii juu tusipotezane: The Hate U Give banaiuzishaka vibaya. Ku afishe unaona mutoto mwanamuke ameshika karto yenye jina ya filme, mu bandanonsi unaona polisi, bunduki, bantu banakimbia mu moshi, na we unajiambia basi, ni bile bya fujo ya Amerika, nitaangalia siku ingine. Kumbe fasi filme inakuwa na nguvu kabisa haiko kule mu moshi. Iko mu koridoro ya masomo, iko mu gari ya mama asubui, iko ku ile dakika Starr anajitengeneza sura na sauti mbele ya kuingia mu klase. Nimeiangalia zaidi ya mara moja, na kila mara bintu bya polisi binapunguka kidogo mu kichwa yangu na bya masomo binaongezeka.

Bintu bya lazima haraka haraka. Filme ilitoka 2018, iko na saa mbili na dakika 13, mwongozaji ni George Tillman Jr. Inatoka mu romani ya Angie Thomas, dada wa Jackson, Mississippi, kitabu yake ya kwanza kabisa, ilitoka 2017. Alianza kuiandika akiwa bado ku iniversite, sawa hadisi fupi tu ya masomo, nyuma ya polisi kumuua kijana Oscar Grant kule Oakland ku siku ya kwanza ya 2009. Senario ni ya mama moja anaitwa Audrey Wells, na uyu mama alikufa na kansere mu mwezi ya 10 ya 2018, siku moja tu mbele filme ianze kupita mu masinema. Niliposoma ile iliniuma juu senario, kwa mi, njo mufupa ya hii filme.

Sasa hadisi. Starr Carter iko na miaka 16, anaishi Garden Heights, kartye ya bantu beusi, papa yake Maverick iko na ka duka pale pale, mama yake Lisa ni nesi. Lakini batoto habasomi mu kartye. Kila asubui banapelekwa ku Williamson, masomo ya feza mingi, karibu bote ni bazungu. Na ku mulango ya ile masomo Starr anakuwa muntu mwengine. Ni yeye mwenyewe anatuelezea: kuko Starr wa nyumbani, na kuko Starr namba mbili. Namba mbili hasemi luga ya kartye, hakasiriki, hapandishi sauti ata kama bamemuchokoza, juu akikasirika mara moja tu batasema unaona, njo vile bale ba kule biko. Na kuko kintu ingine inaumiza zaidi, filme inaisema vizuri sana: bale batoto bazungu bao banasema ile luga ya kartye kutwa nzima, banaitosha mu miziki ya rap, na kwabo inakuwa staili, banaonekana bajanja. Kwa Starr maneno ile ile ingemushusha.

We mwenye kusoma hii uko Lubumbashi, niambie kama haujui uyu mutoto. Mi nabajua batoto banalala mu makomini ya Katuba, ao Kenya, ao Ruashi, asubui mbio mbio banapanda taksibisi mbili kuenda kusoma ku Golf, kartye ya feza, ao mu muji katikati, mu masomo fasi ukikamatwa unasema Kiswahili mu resreasio kuko azabu. Mule ndani Kifaransa ya mu pua, "excusez-moi madame", mangaribi akifika nyumbani anatupa sake chini, "mama, bukari iko?" Na akikosea moja mu fasi ya ingine balio kumucheka hapa, balio kumucheka kule. Ku masomo ni mutoto wa site, mu kartye ni "mundele" anajifanya. Na hii muji ilijengwaka vile makusudi, tusisahau: 1910 Babeleji banaianzisha, bazungu banajipatia upande yabo, bafanyakazi beusi banapelekwa ku site, na katikati banaacha fasi tupu ili bantu basichangane. Leo ile fasi imejaa manyumba na maduka, bageni habawezi ata kuijua, lakini mutoto wa taksibisi mbili anakuonyesha fasi inaanzia bila ata kufikiri.

Sisemi ati Lubumbashi ni sawa na Amerika, hapana. Kwetu mambo haiko sana ya rangi, iko ya feza, ya luga, ya papa yako anatumika wapi. Lakini ile kazi ya kupima kila neno mu kinywa mbele ya kuitosha, ile ni moja, na sijaona filme ingine inaifanya vizuri hivi bila kulia-lia. Starr habembelezi. Anatuelezea tu, na kamera inamufuata akibadilika, sekunde mbili, amekuwa mwengine.

Turudi nyuma kidogo ku mwanzo wa filme, juu ile mwanzo ni ya kufundisha watengenezaji wetu wa filme humu. Haianzi na bunduki. Inaanza ku meza ya nyumbani. Maverick anakalisha batoto, badogo kabisa, mama yabo anabeba Sekani mutoto mudogo, na papa anabaonyesha namna ya kujishika siku polisi atabasimamisha: mikono yako iweke fasi inaonekana, usitikisike kwa haraka, usimujibu vibaya. Anasema pole pole, hana hasira, na ile pole yake njo inaogopesha, juu unaelewa na yeye alifundishwa vile. Kisha, ku meza ile ile, anabapatia Programu ya bintu 10 ya Black Panther, ile chama ya zamani ya haki ya bantu beusi ba Amerika, banapashwa kuijua kwa kichwa. Yaani papa moja, siku moja, anafundisha batoto namna ya kunyamaza ili baishi, na namna ya kutonyamaza. Filme yote ya saa mbili ni kumuangalia Starr anatafuta kujua ile ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Russell Hornsby anacheza ule papa, na kama kuko haki mu dunia ya sinema angepata kila zawadi, juu nimeona mapapa mingi mu filme ya Amerika, ao ni mulevi, ao hayuko, ao ni mutakatifu. Uyu alikuwa mu bandi, alifanya miaka tatu mu gereza, anapenda bibi yake, anabishana na shemeji yake, anafanya mizaha mibaya mbele ya marafiki ya batoto yake. Papa wa kweli.

Ile usiku sasa. Kuko fete mu kartye, Starr anaenda pale na hajisikii vizuri, juu pale tena bameshamuona sawa mutoto wa bazungu (unaona? fasi zote mbili ni mugeni). Anakutana na Khalil, rafiki yake wa utoto, bunduki inalia, banakimbia, banaingia mu gari ya Khalil. Mule ndani banaongea, banacheka, wanakumbuka michezo yabo ya zamani, Khalil anamuelezea Tupac, ule wa rap, ile maneno yake ya "Thug Life" yenye jina ya filme inatokea: chuki unapatia batoto badogo inaharibu bote. Algee Smith iko na tabasamu moja ile unaiona na unajua, bana, uyu hatamaliza filme, tunajua sinema. Polisi anabasimamisha. Khalil haogopi vile Starr anaogopa, anatoka inje, anainama ku dirisha kumuuliza Starr kama iko sawa, anakamata broshi ya nywele. Polisi anaona bunduki. Imeisha.

Haikuisha kwa Starr. Juu polisi anamufunga na yeye pingu, pembeni ya rafiki yake anakufa, na anamuuliza bunduki iko wapi, na mutoto anajibu ni broshi. Mudogo yangu mwenye kuongeaka mu kila filme, paka unataka kumufukuza mu salon, pale alinyamaza.

Nyuma ya pale filme inageuka kuwa swali moja: Starr aseme ao anyamaze? Ni yeye peke yake alikuwa pale. Akisema, ku Williamson batajua Starr namba moja, ule anaficha. Akisema, King, mukubwa wa bandi ya kartye, hatafurahi, juu Khalil alikuwa anamuuzishia madawa, na maswali ikianza itafika kwake. Na televizyo sasa inaanza kumuita Khalil muuza madawa, basi, ni kama iyo inatosha. Hakuna anauliza juu ya nini aliuza: mama yake amezama mu madawa, kambo yake anagonjwa kansere, kuko mudogo wake wa kulisha. Filme haimufanyi Khalil malaika, na ile nilipenda. Inasema ndiyo, aliuza, na haikuwa sababu ya kumuua.

Nataka nikawie ku Carlos, juu bantu mingi habamutaji. Anachezwa na Common, ule wa rap. Carlos ni kaka ya Lisa, maana yake ni mujomba, na siye tunajua mujomba ni nani mu nyumba: wakati Maverick alikuwa mu gereza, Carlos njo alimulea Starr. Sasa uyu mujomba ni polisi. Na ule aliua Khalil ni mwenzake wa kazi. Starr anamuuliza wazi, we ungekuwa pale ungefanya nini. Carlos anaanza kueleza vile banafundishwaka: ni usiku, dirisha iko hivi, huoni mikono, unafikiria hivi, unafikiria vile, una sekunde moja. Unamusikiliza na unaanza kumuelewa, kabisa, filme inakuacha umuelewe. Kisha Starr anauliza: na kama ni muzungu, mu Mercedes, amevaa kositime? Ungepiga, ao ungemuambia ainue mikono? Na mujomba, muntu mweusi, mwenye kumupenda uyu mutoto, anajibu ukweli. Angemuambia ainue mikono. Hapandishi sauti, halii, anakubali tu, na unamuona anajisikia akisema. Mi kwangu hii njo scene kubwa ya filme kuliko ata ya Khalil, na inafanyika na bantu babili tu banaongea. Wale wenye kufikiri filme nguvu inaomba feza ya elikopta, waangalie pale.

Amandla Stenberg sasa. Kama ulionaka The Hunger Games ya 2012, ni kale katoto Rue, kale kalitulizaka bote. Amekomaa. Kazi yake humu ni ngumu kuliko inaonekana, juu anapashwa kucheza mutoto mwenye anacheza. Angalia mabega yake. Ku Garden Heights yanashuka, anatembea sawa muntu mwenye iko kwabo, ku Williamson yanapanda na shingo inanyooka. Na pale Starr anaanza kuvunjika, ile ya kwanza inatoka mu koridoro ya masomo bila kupenda, sauti inamuponyoka, na bote banageuka kumuangalia. Hakuna mutu alimufundisha Amandla ile, ao kama balimufundisha basi mwalimu wake anajua kazi.

Regina Hall ni mama Lisa, muzuri, pole, lakini senario ilimupatia kidogo: anataka tu bahame. Kila wakati iko na haki na kila wakati bwana yake anakataa. Ningependa kumuona zaidi. Issa Rae naye, avoka Ofrah, anakuja, anasema maneno ya maana, anaenda. Kama unamupenda Issa Rae usiangalie juu yake tu, utajisikia bamekuibia.

Bale ba masomo. Hailey, rafiki wa Starr, ni Sabrina Carpenter, ndiyo, yule yule mwimbaji, dada zangu balipiga kelele kumuona. Na anafanya kazi muzuri sana mu kuwa mubaya bila kujua kama ni mubaya. Mu basketi anamuambia Starr akimbilie balo sawa ni kuku ya kukaanga, ile mizaha ya zamani ya Amerika ya kutukana bantu beusi, na ukimukasirikia anashangaa, ni mizaha tu, juu ya nini unabeba bintu hivi. Mu Lubumbashi huyu Hailey tuko naye, anasema "weye hauko sawa bale bengine ba kule kwenu" na anafikiri amekupatia heshima. Kisha kunatokea ile siku batoto ba Williamson banatoka mu klase, banapiga kelele juu ya haki ya Khalil, Starr anaangalia na anaelewa nusu yabo banafurahi tu kukosa interogasio. Khalil alikuwa rafiki yake. Na hawezi kusema, juu mule ndani hakuna mwenye kujua kama alikuwa pale.

Chris, mupenzi wake muzungu, tulibishana sana nyumbani. KJ Apa anamucheza, na hakuwa wa kwanza: balikuwa bamechukua mwengine, Kian Lawley, kisha video zake za zamani zikatokea anasema maneno ya ubaguzi, bakamufukuza, mu filme ya namna hii wee! Bakapiga tena scene zake na KJ Apa. Chris ni muzuri, mupole, na iko na ile ugonjwa ya bantu bapole: anamuambia Starr yeye haonagi rangi. Starr anamujibu kama hauone weusi yangu basi mi haunioni. Mudogo yangu alisema aachwe, mukubwa akasema angalau anasikiliza na anarudi. Mi niko upande ya mukubwa, lakini kidogo. Ile mi nilipenda kwa Chris ni siku Maverick anajua kama binti yake iko na muzungu, sura ya ule papa, weka pozi uangalie vizuri. Salon nzima ilikufa na kicheko, na nyuma ya bilio byote unakuwa na haja ya kucheka.

Ka kintu kadogo: kuko mutoto mwanamuke mu filme anaitwa Kenya, dada ya Seven, kaka mukubwa wa Starr. Binamu yetu mwenye kukaa komini ya Kenya alikuwa anajibu "niko!" kila mara bamemuita. Nabaonya mapema, kama muko na muntu wa Kenya mu nyumba mutasumbuka.

Tuseme sasa ya luga, juu hapa njo bengi banapoteza filme bila kujua. Humu bengi tunaipata mu Kifaransa, mu flashi, muntu anakopia muntu. Usiangalie ile kama una chaguo. Si kwamba bale ba Kifaransa balifanya vibaya. Lakini nimesema filme hii yote inasimama ku sauti ya Starr, vile inabadilika ku mulango ya masomo, vile inabadilika akiongea na Chris ku telefone na papa iko mu chumba ya pembeni. Sasa ukitosha sauti ya Amandla na kuweka ya mwengine unabakia na hadisi, lakini ile kintu hadisi inaongelea umeitosha. Tafuta ile ya Kiingereza na maandishi ya Kifaransa chini. Hata kama Kiingereza yako ni ya "good morning teacher" utasikia tofauti, masikio haiombe diplome. Na kama uko na batoto badogo bavivu kusoma maandishi, basi simamisha mara moja moja ubaelezee kwa Kiswahili, mi nilifanya vile, inachukua usiku nzima lakini banaelewa.

Ya batoto kabisa: Amerika baliiwekaka PG-13, na mi nakubali, miaka 13 kupanda. Kuko matusi, kuko mangumi, kuko kifo moja unaiona karibu. Bya mapenzi ni bidogo, papa na mama banaweza kukaa salon bila kuanza kukohoa. Ningesema ata ni muzuri kuangalia pamoja na bazazi, juu ya ile meza ya mwanzo. Kila nyumba iko na maneno papa anasema mutoto akitoka usiku, usijibu polisi, toa telefone mu mufuko wa mbele, rudi mbele giza. Nyuma ya filme kwetu baba mudogo alianza kuelezea bake vile balikuwa banamufundisha wakati wa ujana yake na hatukulala mapema.

Sasa mabaya, juu iko. King. Anthony Mackie ni akteri mukubwa lakini hapa balimupatia sura ya kukunja na gari, basi. Anakuja, anaogopesha, anaenda. Filme yenye kumuonyesha Khalil kwa huruma hivi, kumuonyesha Carlos kwa huruma hivi, ikifika kwa King inasahau, inataka tu mubaya. Na nyuma ya yeye inakuja mwisho. Bantu ba jiri banasema polisi hataenda ku tribinali, kartye inawaka, Starr anapanda juu ya gari na mikro ya mukono, anasema jina yake, anasema alikuwa pale. Moshi ya machozi inatupwa, yeye anaiokota na kuirudisha. Imetosha! Mutoto aliyekuwa na sauti mbili amesema na moja, mbele ya bote, simamisha filme pale. Lakini hapana. Kuko tena King anawasha duka ya Maverick na batoto biko ndani, kuko tena kubishana inje, na Sekani, mutoto mudogo, anatosha bunduki ya papa yake na kumunyooshea King, polisi nabo banamunyooshea mutoto, na Starr anasimama katikati na mikono juu. Ni sawa muntu amesonga bukari yake muzuri, imeiva, imeshafika ku sahani, na anaenda kurudia mufuko wa unga. Naelewa balitaka kusema nini. Ile njia ya chuki kutoka kwa bakubwa kuingia mu batoto, jina ya filme iko pale. Lakini tulikuwa tumeelewa! Sekani ile dakika haiko mutoto tena, amekuwa mufano. Na filme ilikuwa imetuzoesha bantu.

Mu kitabu ile ya Sekani haiko. Nilikuwa nasikia bantu banasema nikafikiri ni uongo, nikasoma, kweli haiko. Duka inawaka ndiyo, na bantu ba kartye, bale baliogopa King miaka yote, njo banasimama kumusemea. Hakuna katoto na bunduki. Na zaidi, kitabu iko na kijana anaitwa DeVante, iko mu bandi ya King na anataka kutoka, Maverick anamuficha na kumukalisha mu nyumba yake. Filme ilimutosha yote. Naelewa, saa mbili na dakika 13 tayari ni mingi, lakini ukitosha DeVante umetosha muntu pekee mwenye anatuonyesha kuingia kwa King inafananaka nini kutoka ndani, na kutoka kwake inauza bei gani. Njo maana King wa filme anabakia na sura tu. Ile shimo ya mwisho, kwa maoni yangu, inatokea pale pale.

Kwa hiyo note yangu ni 8 ku 10, na mbili nilizotosha zote ni za ile nusu saa ya mwisho. Ya mbele singetosha kintu, ata ile sauti ya Starr ya kutuelezea, bantu bengine banasema inaeleza mingi sana, mi nasema mutoto wa miaka 16 anaelezaka mingi sana.

Na kitabu ukiipata, iko mu Kifaransa pia, usichelewe, kule Katy, Texas, baliitosha mu bibliotheke za masomo mu 2017 juu ya matusi na madawa, na wenye kuisoma mu siri nadhani baliongezeka. Ila soma nyuma ya filme, usisome mbele. Ukisoma mbele utakaa saa mbili nzima mu salon unauliza DeVante iko wapi, na bantu batakukasirikia.